MANENO YA MNUNUZI NI USHAHIDI

Khutba ya Kwanza

Kila sifa njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyewahalalishia waja Wake biashara na kuwakataza dhulma, akaweka mizani ili pasiwe mtu wa kupunjwa haki yake. Twamshukuru kwa neema Zake, twamwomba msaada na msamaha, na twajikinga Kwake na shari ya nafsi zetu. Twashuhudia ya kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye, na ya kwamba Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na aali zake, na masahaba wake, na kila awafuataye kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Enyi ndugu zetu Waislamu mliohudhuria hapa msikitini, nanyi mama zetu, dada zetu na wanafunzi mnaotusikiliza majumbani na mabwenini, twakuusieni pamoja na nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu. Kumcha Mungu si katika sala na saumu peke yake. Kumo katika pishi ya mchele, kumo katika ratili ya nyama, na siku hizi kumo pia katika neno dogo ambalo mtu huliandika kwa kidole juu ya kioo cha simu yake, kisha akaendelea na shughuli zake kana kwamba hakusema kitu.

Leo tumekusudia kusema juu ya jambo lililoingia katika kila nyumba, kubwa kwa ndogo, nalo ni kununua vitu kwa njia ya mtandao, na yale maneno ya kusifu au kulaumu ambayo wanunuzi huyaandika chini ya bidhaa. Watu wengi huyaona kuwa ni mchezo. Sisi twasema si mchezo, bali ni ushahidi, na mwenye kutoa ushahidi ataulizwa.

Wengi wetu tuliokwisha kupita umri wa miaka hamsini twajua jinsi wazee wetu walivyokuwa wakinunua. Mtu alikwenda Darajani kule Unguja, au Kariakoo mjini Dar es Salaam, au mtaa wa Biashara mjini Mombasa. Alikishika kitambaa akakisugua baina ya vidole. Alinusa bizari. Aligonga chungu kwa kucha asikie mlio wake, kwani chungu chenye ufa hulia vingine. Kisha wakapatana bei, huyu akishuka na yule akipanda, mpaka wakaridhiana. Na zaidi ya hayo, muuzaji alikuwa akijulikana: jina lake, baba yake, na msikiti anaosali. Lau angemhadaa mtu leo, kesho wangekutana mazikoni wakatazamana uso kwa uso. Haya hiyo ilikuwa ulinzi mkubwa kwa mnunuzi.

Hivi leo mambo yamegeuka. Mwaka 2007 huduma ya M-Pesa ilianza Kenya, na mwaka 2008 ikaanza Tanzania, na tangu hapo pesa zikaweza kusafiri bila ya mtu kusafiri. Yakaja maduka ya mtandaoni yasiyo na mlango wala kaunta, kama Jumia iliyoanzishwa Lagos mwaka 2012 ikaenea katika nchi kadhaa za Afrika, kisha ikafunga shughuli zake Tanzania mwaka 2019. Lakini biashara yenyewe haikufungwa. Imehamia katika kurasa za Instagram na Facebook na katika makundi ya WhatsApp. Mama aliyeko Songea huona buibui katika picha, hutuma pesa Dar es Salaam kwa simu, na kifurushi humfikia kwa basi. Mwanafunzi aliyeko bwenini huagiza kitabu au saa, na kijana wa bodaboda akamletea mpaka mlangoni.

Hatusemi kwamba haya ni mabaya. Ndani yake mna wepesi na rehema. Mjane mwenye watoto wadogo, asiyeweza kukodi duka, leo anaweza kuuza sambusa na mashuka akiwa nyumbani kwake, akapata riziki ya halali pasina kumwomba mtu. Mgonjwa na mlemavu hununua bila ya taabu ya kusukumana sokoni. Hii ni neema, na neema yataka shukrani, na shukrani ya biashara ni ukweli.

Basi tazameni, ndugu zetu, ni kitu gani kilichopungua. Mnunuzi wa leo hawezi kushika, wala kunusa, wala kugonga chungu akasikia mlio. Muuzaji hamjui, na huenda asimwone maisha yake yote. Kwa hiyo anafanya nini? Anaazima macho ya aliyemtangulia. Anasoma maneno ya watu walionunua kabla yake, aone wamesema nini. Amazon la Marekani, lililoanza kuuza vitabu kwa intaneti mwaka 1995, lilikuwa miongoni mwa maduka ya kwanza kuwaruhusu wanunuzi kuandika maoni yao mbele ya kila mtu, mazuri na mabaya. Desturi hiyo ikaenea duniani. Leo hoteli, daktari, fundi, mpishi, hata dereva wa teksi, hupewa nyota, kuanzia moja hadi tano. Zamani mtu alimwuliza jirani yake, “Je, fulani ni mwaminifu?” Siku hizi huiuliza simu, na simu humjibu kwa vinywa vya watu asiowajua.

Wala msidhani kwamba nyota hizo ni pambo tu. Mtaalamu mmoja wa Chuo cha Biashara cha Harvard, Michael Luca, alichunguza mikahawa ya mji wa Seattle huko Marekani, na katika utafiti alioutoa mwaka 2011 alionyesha kwamba nyota moja ikizidi katika tovuti ya maoni iitwayo Yelp, mapato ya mkahawa huzidi kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 9. Na hayo yalikuwa khasa kwa mikahawa ya watu binafsi, si yale makampuni makubwa yenye majina yajulikanayo kila mahali. Maana yake ni kwamba neno la mnunuzi humgusa zaidi mnyonge. Tajiri mwenye jina kubwa hatikisiki sana kwa nyota moja. Bali yule mwenye mkahawa mmoja, nyota moja yaweza kuwa ndiyo karo ya mtoto wake.

Ikiwa hivyo ndivyo, ndugu zetu, basi hukumu ya jambo hili ni nyepesi kuifahamu. Mtu aandikapo, “Nimenunua nguo hii, ni nzuri, na mwenye duka ni mwaminifu,” anashuhudia mambo matatu: kwamba amenunua, kwamba ameiona, na kwamba amemjaribu mwenye duka. Na mtu mwingine, kwa kuutegemea ushahidi huo, atatoa mali yake. Mahali popote ambapo mali ya mtu hutoka au haki ya mtu hukatwa kwa neno la mwenziwe, hapo pana ushahidi, hata pasipokuwa na kadhi wala mahakama. Na Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Sura ya Qaf kwamba mtu hatamki neno ila yuko mlinzi anayeliandika. Na hukumu ya mkono uandikao ni ile ile ya ulimi usemao.

Nanyi mwajua jinsi Mtume wetu (s.a.w.) alivyoutukuza uzito wa ushahidi. Amepokea Abu Bakra katika Hadithi sahihi kwamba Mtume aliwatajia masahaba madhambi makubwa kabisa: kumshirikisha Mwenyezi Mungu, na kuwaasi wazazi. Alikuwa ameegemea, naye alipofika kwenye ushahidi wa uwongo akaketi wima, akawa akilikariri neno hilo mpaka masahaba wakatamani lau angenyamaza, kwa kumwonea huruma. Tafakarini. Alipotaja shirki alikuwa ameegemea, na alipotaja ushahidi wa uwongo akaketi. Wanavyuoni wamesema sababu yake ni kuwa watu huudharau ushahidi wa uwongo, na ulimi huuteleza kwa wepesi, na madhara yake huwapata wengine.

Sasa, tumejiwa na mwanafunzi mmoja wa chuo, kijana mwenye kusali na mwenye kuwatazama wazazi wake, akatuuliza masuala. Alisema kwamba katika simu yake yupo mtu ampaye kazi ya kuandika sifa za bidhaa. Hulipwa pesa kidogo kwa kila sifa. Hajapata kuzinunua bidhaa hizo wala kuziona, bali huletewa jina na picha, naye akaandika kwamba amezitumia na zimemfaa. Akasema, “Hakuna niliyemwibia. Nimeandika maneno tu. Je, ni halali?”

Twamjibu yeye na wenziwe wote, kwani hayuko peke yake: si halali. Mtume (s.a.w.) amekataza jambo liitwalo najashi, na Hadithi yake imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar. Najashi ni mtu kusimama sokoni akapandisha bei ya kitu asichotaka kukinunua, ili wanaomsikia wadhani kitu kile kina thamani, wahadaike. Yule mtu wa najashi naye hakumwibia mtu mfukoni. Alisema maneno tu. Lakini maneno yake yalifungua mfuko wa mtu mwingine. Na huyu aandikaye sifa za kulipwa ni mtu wa najashi wa zama zetu, na amezidi kwa jambo moja: yule wa zamani alionekana na watu kumi waliosimama sokoni, ama huyu husomwa na maelfu, na neno lake hubaki likihadaa hata yeye akiwa amelala, na huenda likabaki baada ya kufa kwake.

Na msidhani hili ni jambo la kubahatisha. Mwaka 2019 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilieleza mbele ya mahakama kwamba kampuni moja iliyouza kidonge cha kupunguza unene ilikuwa imeilipa tovuti iandike sifa za uwongo katika duka la mtandaoni, na ikataka wastani wa nyota zake usipungue 4.3 katika 5, ili mauzo yasishuke. Tazameni ujanja huo! Na hicho kilikuwa kidonge, kitu cha kuingia katika mwili wa binadamu. Mtu mgonjwa amekimeza kwa kuamini ushahidi wa watu ambao hawakukionja.

Kwa sababu ya mambo kama hayo, mwezi wa Oktoba 2024 ilianza kutumika huko Marekani kanuni ya kukataza kuuza na kununua maoni ya uwongo, yakiwamo yale yatungwayo na programu za kompyuta kwa jina la mtu asiyekuwapo. Uingereza nayo ikakataza maoni ya uwongo kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2024, na makatazo yake yakaanza Aprili 2025. Kwetu, Kenya ina Sheria ya Kuwalinda Walaji ya mwaka 2012, na Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ambazo zote zimewagusa wanunuzi wa mtandaoni. Sisi twafurahi kuona serikali zikiikamata dhulma. Lakini Mwislamu hangoji kanuni ya mwaka 2024 ili ajue ubaya wa jambo alilokatazwa na Mtume wake zaidi ya miaka elfu moja na mia nne iliyopita.

Na yule kijana, tulimwambia afanye mambo matatu. Kwanza, aiache kazi hiyo siku ile ile na ajute. Pili, azifute sifa zote anazoweza kuzifuta, maana toba ya uwongo ulioenea ni kuubatilisha mahali ulipoenea. Tatu, malipo aliyoyapokea ayatoe kwa masikini ili ajitakase nayo, pasina kuyahesabu kuwa ni sadaka yake. Riziki ya Mwenyezi Mungu ni pana. Kijana ajuaye kuandika vizuri hakosi kuajiriwa kuandika kweli.

Tena, ndugu zetu, kuna dhambi nyingine ambayo wauzaji wetu wengi huifanya huku wakijiona wema, nayo ni kuficha. Mnunuzi aliyeletewa kiatu cha rangi nyingine huandika lalamiko lake chini ya picha, kwa adabu kabisa, na mwenye duka hulifuta pale pale na kumfungia asiandike tena. Sifa huziacha, lawama huzifuta. Wengine huonyesha picha za jumbe za shukrani, na kumbe wamezitunga wenyewe kwa simu mbili. Mwenyezi Mungu, katika aya za mwisho za Sura ya Al-Baqara, amekataza kuuficha ushahidi, na amesema kwamba mwenye kuuficha moyo wake umeingia dhambini. Ikiwa aufichaye ushahidi wake mwenyewe ni mwenye dhambi, je, yule aufutaye ushahidi wa mwenziwe?

Na ni mara ngapi picha yenyewe huwa ndiyo hadaa? Nguo hupigwa picha chini ya taa maalumu, rangi ikaongezwa, na kitanda kidogo kikaonekana kipana. Katika zama za Mtume (s.a.w.) walikuwapo watu waliomfunga chuchu ngamia au mbuzi siku kadhaa asikamwe, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Mtume akalikataza hilo, na akampa mnunuzi hiari ya siku tatu: akitaka atabaki naye, na asipotaka atamrudisha pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakama. Kiwele kilichofungwa na picha iliyotiwa rangi, vyote viwili ni kitu kimoja. Na hukumu yake ni moja: haki ya mnunuzi kurudisha haifutwi kwa tangazo lisemalo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Kwa wanafunzi wetu wasomao fiqhi, twaongeza maneno machache. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kauli yenye nguvu ni kwamba haisihi kuuza kitu maalumu ambacho mnunuzi hajakiona. Lakini imejuzu kuuza kitu kilichosifiwa, kilicho katika dhima ya muuzaji, kwa masharti yake, kama yalivyo mauzo ya salamu ambayo watu wa Madina walikuwa wakiyafanya katika matunda, na Mtume (s.a.w.) akawaamuru yawe kwa kipimo kijulikanacho, uzani ujulikanao na muda ujulikanao. Kwa hiyo mwenye kuuza kwa mtandao yampasa aandike urefu, upana, kitambaa, rangi, bei, na siku ya kufika. Mali ikifika kinyume cha wasifu, mnunuzi anayo haki yake. Na yule achukuaye picha za mali ya mwingine, akapokea pesa za mali mahsusi asiyoimiliki, kisha ndipo akaanza kuitafuta Kariakoo, na aikumbuke Hadithi ya Hakim bin Hizam, ambaye Mtume alimkataza kuuza asichokuwa nacho. Akitaka kufanya udalali, na aseme wazi kuwa yeye ni dalali, na ujira wake ni kadha.

Sasa tumgeukie mnunuzi, kwani naye ana ulimi. Wapo wanunuzi ambao mzigo ukichelewa saa mbili kwa sababu ya mvua huandika kwamba mwenye duka ni mwizi. Wapo wamtishao muuzaji, “Nipunguzie bei, ama sivyo nitakuandika vibaya.” Na wapo wafanyabiashara wanaojitia kuwa wanunuzi, wakaenda kulichafua duka la jirani yao. Nabii Shuaibu (a.s.) aliwakataza watu wa Madyan kupunja vipimo, na akawakataza kadhalika kuwapunguzia watu vitu vyao. Kukiaibisha kitu kizuri cha mtu kwa hasira au kwa husuda ni kumpunguzia. Yule mjane muuza sambusa, aliyeamka saa kumi za usiku kukanda unga, huweza kukosa wateja mwezi mzima kwa neno moja la mtu aliyeghadhibika.

Huenda mtu akasema, “Basi salama ni kunyamaza.” La, ndugu yetu, kunyamaza kote pia si salama. Fatima binti Qays alipoposwa na watu wawili, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kumtaka shauri. Mtume hakumficha: alimweleza kuwa mmoja wao ni mkali kwa fimbo, na wa pili ni fakiri asiye na mali, akamwelekeza kwa Usama bin Zayd. Kutokana na Hadithi hiyo na nyinginezo, wanavyuoni kama Imamu Nawawi wameeleza kwamba kumtahadharisha Mwislamu na kumpa nasaha si usengenyi uliokatazwa, maadamu ni kwa haja na kwa kadiri ya haja. Basi aliyehadaiwa kweli na muuzaji aliye dhalimu, akaona haya, akasema, “Namwachia Mungu,” amefanya vyema kusamehe haki yake. Lakini haki ya wanunuzi hamsini watakaokuja nyuma yake si yake kuisamehe. Na awaambie.

Tunasema kauli yetu hii, na twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi nanyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

Khutba ya Pili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba wake. Ama baad.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, yajueni matumizi ya yale tuliyoyasema, ili yasibakie maneno ya msikitini.

Ukitaka kuandika juu ya ulichonunua, andika ulichokiona kwa macho yako, wala usizidishe. Kama kitambaa ni kizuri na mshono ni mbaya, taja yote mawili. Ukiwa umeghadhibika, ngoja mpaka kesho. Mwambie kwanza muuzaji mwenyewe faraghani, huenda ni kosa la aliyefunga mzigo. Akikutengenezea, rudi uliandike na hilo, kwani ushahidi usiokamilishwa huwa nusu ya uwongo. Na ukiwa ni ndugu wa mwenye duka, au umepewa kitu chake bure, sema hivyo kabla ya kusifu. Ushahidi wa mtu mwenye manufaa katika jambo lenyewe hutazamwa kwa tahadhari, nawe huna haki ya kumnyima msomaji tahadhari yake.

Ukiwa muuzaji, onyesha aibu ya mali yako kabla hujaulizwa. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono wake ndani ya fungu la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akasema kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Mnunuzi wa mtandao hana mkono wa kutia ndani ya fungu. Wewe ndiwe mkono wake. Na amepokea Hakim bin Hizam kwamba wauziana wawili wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uwongo, baraka hufutwa. Wazee wetu nao wamesema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na ukiwa msomaji wa maoni hayo, usiwe mwepesi wa kuamini. Sura ya Al-Hujurat imetuamuru tubainishe habari ituletwayo na fasiki, tusije tukawadhuru watu bila ya kujua kisha tukajuta. Basi sembuse habari ya mtu usiyemjua hata jina? Maoni ya kweli huwa na mambo mahsusi ndani yake: nguo ilifupika baada ya kufuliwa, dirisha la chumba lilikabili mtaa wenye kelele. Sifa nyingi zilizoandikwa siku moja, kwa maneno yanayofanana, zatia shaka. Na ukurasa usio na lawama hata moja, uulize zimekwenda wapi. Jaribu kwanza kwa kitu kidogo. Ukiweza kulipa mzigo ukishafika na ukishaukagua, fanya hivyo. Na mkataba uandike, hata ukiwa mdogo, kwani Mwenyezi Mungu ametuhimiza tusichoke kuandika deni dogo wala kubwa, na wahenga wamesema mali bila daftari huisha bila habari.

Enyi wazazi, zitazameni simu za nyumbani. Duka la zamani lilikuwa na saa ya kufunga. Duka hili halifungwi, nalo humwita mtoto usiku wa manane, na kumwambia mkewe fulani kwamba zimebaki mbili tu. Sifa za watu elfu moja hazikufanyi wewe kuwa na haja na kitu. Jiulizeni kwanza, “Je, twakihitaji?” kabla ya kuuliza, “Je, kimesifiwa?” Israfu ni israfu hata ikiletwa mlangoni.

Na neno letu la mwisho ni juu ya saa hii hii tuliyomo. Mwenyezi Mungu amewaamuru Waumini, katika Sura ya Al-Jumua, waiache biashara wanapoitwa kwa Sala ya Ijumaa. Zamani ilitosha kufunga mlango wa duka na kuja. Leo mtu huja msikitini na duka zima limo mfukoni mwake. Ikiwa Mtume (s.a.w.) alihesabu kuwa ni upuuzi mtu kuchezea changarawe wakati wa khutba, basi vipi yule anayetazama bei za viatu imamu yuko juu ya mimbari? Zifungeni simu, ndugu zetu. Sala ikishatimizwa, tawanyikeni mkatafute fadhila za Mwenyezi Mungu kwa njia mpendazo, sokoni au mtandaoni, madhali ni za halali.

Ewe Mwenyezi Mungu, tuepushe na ushahidi wa uwongo, wa ulimi na wa mkono. Ewe Mwenyezi Mungu, wabariki wauzaji wetu wakweli, hata walio wadogo wasiojulikana, na uwape riziki kutoka wasipopatazamia. Ewe Mola wetu, waongoze vijana wetu kwenye chumo la halali, na uwaepushe na pesa nyepesi yenye mwisho mzito. Uwarehemu wazazi wetu na walimu wetu walio hai na waliotangulia. Tupe mema ya dunia na mema ya Akhera, na utukinge na adhabu ya Moto.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, hakika Mwenyezi Mungu anaamrisha uadilifu na hisani. Mkumbukeni, Naye atakukumbukeni. Na simamisheni Sala.